Mgawa Maji na Shemeji Yake

Watu walimwita Bwana Zamu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kugawa maji ya mfereji: leo shamba hili, kesho lile, asubuhi upande wa shule, mchana upande wa zahanati, na ukichelewa zamu yako imekupita, kalalamike kwenu. Mfereji wenyewe ulichepuka kutoka mtoni, juu kidogo ya kijiji, pale mto unapopita kwenye korongo jembamba lenye kuta ndefu za udongo. Hapo palikuwa na banio, yaani ukuta mfupi wa mawe na saruji uliokatiza mto, na pembeni yake lango la mbao la kupandisha na kushusha. Ufunguo wa kufuli la lango hilo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata kuoga alioga nao.

Alikuwa mkali, tuseme ukweli. Aliwahi kumfungia maji mama mkwe wake kwa kuchelewa robo saa, na robo saa yenyewe mama wa watu alikuwa jikoni akimchemshia mkwe wake chai. Chai akainywa, maji akayafunga. Mkewe alimnunia siku tatu. Watu walimcheka, wakamtania, wakamwogopa, na kila kamati ya maji ilipochaguliwa upya walimrudisha yeye yule yule, kwa kuwa mkali asiyependelea ana nafuu kuliko mpole mwenye ndugu wengi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumkosesha usingizi, na huyo alikuwa shemeji yake. Mume wa dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa mgawa maji wa kijiji cha juu, mwendo wa saa nzima kupanda kwa miguu. Walio juu hunywa kwanza. Hiyo ni sheria ya mlima na hakuna aliyeiandika. Walio chini huishi kwa kuwashuku walio juu. Miaka kumi na moja nyuma, katika kiangazi kibaya, maji yalikatika siku mbili, maharage ya kijiji cha chini yakaungua shambani. Bwana Zamu alipanda kwenda kuuliza. Shemeji akasema lango lake lilikwama. Bwana Zamu akasema lililokwama ni dhamiri. Walirushiana maneno jikoni kwa dada mpaka dada akalia, na tangu siku ile Bwana Zamu hakukanyaga tena nyumba ile. Dada alipougua alimtuma mkewe na kikapu cha ndizi. Dada alirudisha kikapu kikiwa na mayai, pamoja na salamu ambazo Bwana Zamu alizisikiliza huku akijifanya anatafuta koleo.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kama imetumwa. Mabati yalipigwa mpaka watu ndani ya nyumba wakaongea kwa ishara, na mnara wa simu ulizimika mapema kama ulivyozoea. Asubuhi kukawa kweupe, jua linawaka, majani yanachuruzika. Bwana Zamu alishuka korongoni saa moja akitarajia kukuta mto umefura na lango limeshambuliwa na magogo. Alifika, akasimama, akakodoa macho. Mto haukuwepo. Kilichokuwepo ni kijito cha maji ya matope kilichojipenyeza katikati ya mawe, cha kulowesha vifundo vya miguu na basi.

Mtu mwingine yeyote, mwalimu au dereva, angejiuliza mvua yote ile imekwenda wapi. Lakini mtu aliyemaliza miaka ishirini na sita akilinda maji yasiibwe, siku asipoyaona anajua jambo moja tu: yameibwa. Bwana Zamu hakujiuliza hata kidogo. Alisema kwa sauti, peke yake korongoni, "Shemeji, safari hii umevuka mpaka."

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akili yake haikuishia kwenye hasira. Nyuma ya banio tope na mchanga vilikuwa vimejaa tangu mwaka uliopita, na kuvizoa kulihitaji mto uliopungua. Basi kama shemeji ameyafunga maji, angalau tope litolewe. Alirudi kijijini akagonga milango. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," aliwaambia. "Beba koleo, twende kabla hajayafungulia."

Mkewe alimtazama akivaa viatu vya mpira. "Mvua yote ile ya jana, halafu mto ukauke? Mimi sielewi."

"Kamuulize shemeji yako wa huko juu."

"Nakuuliza wewe."

"Basi mimi ndiye nakwenda kumuuliza," alisema, akachukua fimbo yake.

Walijitokeza watu kumi na watatu. Fundi seremala alikuja kukagua mbao za lango, kwa kuwa ni yeye aliyezichonga, na mkewe akaja naye akiwa na karai. Mke wa fundi aliitwa Mama Kicheko. Alikuwa na watoto wanne, na kicheko chake kilisikika mashamba matatu kutoka mahali alipo. Korongo lilikuwa na kina, kuta zake zinateleza, kwa hiyo waliteremka kwa ngazi ndefu ya miti ambayo fundi aliiegemeza ukutani. Ilikuwa ngazi moja, ya kupandwa na mtu mmoja kwa wakati.

"Bwana Zamu," Mama Kicheko alimpigia kelele kutoka chini, tope likiwa limemfika magotini, "miaka yote unatugawia maji, leo umetugawia tope!"

Watu wakaangua kicheko. Hata yeye midomo ilimcheza kidogo. Kisha akawapa kisogo na kuanza kupanda mlima.

Njia ilifuata ukingo wa korongo, na mtu mwenye hasira huwa hachoki. Alitembea akiyapanga maneno yake kama fundi anayepanga matofali: hili la msingi, hili la kona, hili la kufungia. Miaka kumi na moja ya kunyamaza ilikuwa imemwekea akiba kubwa. Alikuwa amefika kama nusu ya njia alipokata kona na kumwona mtu anakuja kwa kasi, akipepesuka, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo. Alikuwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa amezeeka. Alikuwa na pumu tangu ujana, na sasa alisimama ameinama, mkono mmoja kifuani, mwingine ameuinua juu. Mdomo ulifunguka, pumzi ikagoma kutoka.

"Shusha mkono!" Bwana Zamu alisema. "Leo nasema mimi."

Akasema. Alianza na maji ya asubuhi ile, akarudi kwenye maharage ya miaka kumi na moja iliyopita, shamba kwa shamba, mwenye shamba kwa mwenye shamba. Akamwita kupe wa mto. Akamwambia kwamba hata ndege wa kijiji cha juu wananenepa kwa wizi. Shemeji alitikisa kichwa na kuuinua mkono tena. Bwana Zamu akaupiga chini kwa fimbo, si kwa nguvu, kama anavyofukuzwa kuku. Akahamia kwenye harusi. "Ulikuja kuoa kwetu na koti la kuazima, na mwenye koti mpaka leo analidai! Baba yangu alisema, huyu kijana mbona mikono ya koti inamfika vidoleni? Tukamwambia, baba, atakua. Ulikua wapi? Ulikua tumbo!" Akamrudia dada yake, machozi yake jikoni, mayai yake kwenye kikapu. Tusimfiche: alijisikia vizuri. Kila neno lilipotoka kifua kilikuwa chepesi zaidi, na shemeji alipodondoka na kukaa chini kwenye majani mabichi akihema, Bwana Zamu alidhani ni aibu.

Mwishowe alinyamaza ili avute pumzi. Hapo ndipo shemeji alipopata nafasi.

"Kwangu pia hakuna," alisema. "Hata tone. Tangu alfajiri."

Bwana Zamu alimtazama.

"Juu yangu hakuna kijiji," shemeji alisema, akikatakata maneno kwa kuhema. "Nikajiuliza, nani kayafunga? Nikapanda kuangalia. Ubavu wa mlima umeporomoka, umeziba korongo. Nyuma yake limekaa ziwa, shemeji. Ziwa zima. Na udongo umeanza kuvuja. Una watu mtoni?"

Bwana Zamu alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alikuwa na miaka hamsini na nane na viatu vya mpira, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Alianguka mara mbili. Fimbo aliiacha. Alianza kupiga kelele kabla hata hajaliona banio: "Tokeni! Tokeni mtoni! Acheni vitu!" Na hapa ukali wake wote wa miaka ile ulifanya kazi moja nzuri, kwa maana watu wale walikuwa wamezoea kumtii kwanza na kulalamika baadaye. Koleo zilitupwa hapo hapo, watu wakakimbilia ngazi.

Ngazi ilikuwa moja, na miguu yake ilikuwa kwenye tope. Mtu wa kwanza alipoipanda ilianza kuteleza kando. Mama Kicheko aliishika. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili, akaikita miguu, akasema, "Pandeni, naishikilia." Fundi alikuwa wa pili kupanda, akalala kifudifudi ukingoni na kuanza kuvuta mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine. Bwana Zamu alifika akalala kando yake, akavuta naye. Wa saba. Wa nane. Huko juu kulisikika mvumo, kama malori yanayomwaga mawe, lakini bila kukoma. Wa kumi. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili.

"Sasa wewe!" fundi alisema. "Mama, panda!"

Hakukuwa na mtu wa kumshikia ngazi. Alipanda ikiyumba, polepole, uso ameuinua, macho kwa mumewe. Alibakiza vipandio vitatu. Fundi alikuwa amenyoosha mkono mpaka bega linamtoka. Maji yalipokata kona hayakuwa maji ya kutazama. Yalikuwa ukuta wa tope, miti na majabali, na yalijaza korongo kutoka upande hadi upande. Watu walimvuta fundi nyuma kwa miguu yake. Ngazi haikuonekana tena, wala banio, wala lango, wala yeye.

Alipatikana siku ya tatu, mbali kule bondeni, chini ya mti uliong'oka. Mashamba ya ukingoni yalikuwa yamefunikwa mawe makubwa kama nyumba za mbuzi. Lakini nyumba zilisalimika, na waliokuwa mtoni wote walisalimika isipokuwa mmoja, na watu wanapozika huhitaji kushukuru kitu. Wakamshukuru Bwana Zamu. Wanawake walimshika mikono. Mzee mmoja mwenye binti aliyekuwa wa tisa kwenye ngazi alipiga magoti mbele yake, na Bwana Zamu akaondoka upesi kama mtu aliyeitwa.

Shemeji alikuja mazikoni pamoja na dada. Walipomuuliza ilikuwaje, alijibu, "Nilikutana naye njiani. Nilipomwambia tu, akakimbia." Hakusema uongo. Baadaye alimfuata Bwana Zamu nyuma ya nyumba, wakasimama pamoja karibu na rundo la kuni, watu wawili ambao hawakuwa wamesimama pamoja kwa miaka kumi na moja.

"Mimi sitasema," shemeji alimwambia. "Na wewe usiseme. Itamsaidia nani?"

"Nilikupiga mkono kwa fimbo."

"Haukuuma."

"Ulikuwa unataka kusema, nikakupiga mkono."

"Shemeji," yule alisema kwa upole, "achana nayo."

Angeweza kuachana nayo. Ni watu wawili tu duniani waliojua muda ule ulikwendaje, na mmoja alikuwa amekwisha kumsamehe. Lakini jioni ya siku ya saba, jua likiwa bado lipo, fundi alikuja kwake na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Alikaa kwenye kiti alichokichonga yeye mwenyewe miaka mingi nyuma, hakunywa chai aliyowekewa, akasema, "Nimekuja kukushukuru. Sikukushukuru siku ile. Ulimkimbilia mke wangu kuliko hata ndugu zake." Bwana Zamu alitazama sakafu. Fundi alipoondoka, mke wa Bwana Zamu alikikuta chakula cha mumewe sahanini kama alivyokipakua.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una neno. Neno likikaa tumboni linaoza, mume wangu, na wewe nakujua, hujui kuficha hata karanga."

Alimwambia yote. Mkewe akasema, "Ni yeye wa kuambiwa, siyo mimi." Akaondoa sahani.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, asubuhi, watu wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Ajenda ilikuwa mahali pa kujenga banio jipya. Wa kijiji cha juu walikuja pia, na shemeji aliketi karibu na dirisha. Mwenyekiti alifungua kwa kusema kwamba kabla ya yote, kamati inapendekeza kumshukuru rasmi mgawa maji, ambaye bila mbio zake leo wangekuwa wanahesabu makaburi kumi na matatu. Watu wakapiga makofi. Fundi, kwenye dawati la mbele, alipiga pia.

Bwana Zamu alisimama.

"Msinipigie makofi," alisema. "Nilikutana na shemeji yangu njiani, anakuja kuniambia. Alikuwa hana pumzi. Alinyoosha mkono aseme. Mimi sikumpa nafasi. Nilisimama nikamtukana. Nilimtukana mpaka nilipochoka, ndipo akasema. Ndipo nikakimbia." Alimtazama fundi, na ilimchukua nguvu kuliko mbio zile. "Muda ule ulikuwa wa mkeo."

Fundi hakuinuka. Alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya dawati, vidole vimetandazwa, na alikuwa akivitazama.

"Ulisema nini?" aliuliza.

"Maneno ya hovyo tu."

"Yaseme."

"Fundi..."

"Yaseme yote. Kama ulivyoyasema kule. Usiruke."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Fundi hakumtazama hata. "Mwenyekiti, subiri," alisema, na mwenyekiti akasubiri.

Basi Bwana Zamu akayasema. Alianza na maji ya asubuhi, akaingia kwenye maharage, shamba kwa shamba, na wenye mashamba walikuwa wameketi mbele yake wakisikia majina yao. Sauti ilikuwa chini, naye aliharakisha, kama mtoto anayesoma asichokipenda. Fundi aliinua kidole kimoja kutoka kwenye dawati.

"Polepole," alisema. "Kule njiani hukuwa na haraka."

Akapunguza mwendo. Akasema kupe, akasema ndege walionenepa. Akaeleza mkono ulivyoinuka na fimbo ilivyoushusha. Alipofika kwenye koti la harusi kuna mtu nyuma aliyetaka kucheka kwa mazoea, akajiziba mdomo kwa kiganja. Shemeji alikuwa amegeuza uso dirishani. Bwana Zamu akaendelea, neno kwa neno, machozi yakimtiririka naye hayafuti, mpaka alipofika kwenye dada yake na kikapu, akaikosea sentensi ile, akaianza upya na kuimaliza.

"Halafu?"

"Halafu nikanyamaza nivute pumzi. Naye akasema."

"Basi?"

"Basi."

Fundi alivikunja vidole vyake taratibu, akaviondoa kwenye dawati.

"Nusu yake," alisema. "Ungesema nusu yake tu, angekuwa ameshapanda."

Akainuka, akapita katikati ya madawati, watu wakimpisha magoti, akatoka nje kwenda nyumbani kwa wanawe.